Mchanganyiko, Dondoo na Kutambua: Istilahi Tatu za Uchunguzi wa Majani ya Dawa

Wilaya ya Ludewa, mkoani Njombe, huteremka kutoka Milima ya Livingstone hadi ufukoni mwa Ziwa Nyasa. Humo wamo wasemaji wa Kipangwa, Kimanda na Kikisi, na jani moja la dawa laweza kuwa na majina kadhaa. Mkemia akilichunguza jani hilo, Kiswahili ndicho kitakachomrudishia matokeo mganga aliyelitoa. Je, istilahi zinazotumika zinaiweza kazi hiyo?

Kosa la kwanza ni kuiita kampaundi moja "mchanganyiko wa kikemikali". Katika mchanganyiko kila kitu hubaki na asili yake, kama mahindi na maharage katika makande. Katika kampaundi, elementi huungana kwa uwiano maalumu na kuzaa kitu kipya. Majani yakikaushwa, yakasagwa, yakalowekwa katika alkoholi na kuchujwa, kinachopatikana ni mchanganyiko wa kampaundi nyingi. Kazi ya mchunguzi ni kuzitenga moja moja. Vyote viwili vikiitwa mchanganyiko, kazi yenyewe haina jina.

Kosa la pili ni "dondoo". Kudondoa ni kuokota kimoja kimoja, kama kuku adondoavyo punje. Alkoholi haichagui hivyo. Huchukua kila kiyeyukacho ndani yake. Tunapendekeza "mchujo", na yanayobaki yaitwe "machicha", kama wasemavyo wakunao nazi. Ni kweli kwamba mchujo hutajwa pia katika uchaguzi na michezo, lakini muktadha utaondoa utata.

Kosa la tatu ni "kutambua". Mchujo ukitikiswa na maji ukatoa povu la kudumu, tumedokezewa tu kwamba huenda zimo saponini, yaani kundi zima. Hatujajua ni saponini ipi. Jaribio hilo liitwe "udokezi". Neno "ubainishaji" lingoje mpaka muundo wa kampaundi ujulikane.

Tofauti hizi zina uzito. Mwaka 1987, huko Mahale mkoani Kigoma, Michael Huffman na Mohamedi Seifu Kalunde walimwona sokwe mgonjwa akitafuna kiini kichungu cha chipukizi la mtugutu (Vernonia amygdalina), baada ya kuondoa maganda na majani. Wakemia walibainisha katika mti huo vernoniosaidi B1, na pia vernodalini, ambayo ina sumu kali zaidi na imejaa hasa majanini. Mganga akiandikiwa kwamba "mchanganyiko wa kikemikali umetambuliwa katika dondoo la mtugutu", hajui ni kampaundi ipi, imetoka sehemu gani ya mti, wala kama inaponya au inadhuru. Naye ndiye atakayempimia mgonjwa kipimo.

Mapendekezo haya bado hayajasanifiwa. Walimu wa kemia, waganga na wasomaji wengine wanaombwa watuletee hoja zao, hasa wale wenye maneno yaliyo bora kuliko haya katika lugha zao za nyumbani.