Sifa za Chipu Isiyo na Haraka

Anayetaka kujitengenezea saa ya GPS kwa kawaida huanza kwa kuuliza ni chipu ipi yenye kasi zaidi. Hilo ni swali la mnunuzi wa simu, si la fundi saa. Kazi yenyewe huja mara moja tu kwa sekunde: kipokezi kikishazinasa setilaiti, zilizo kilomita 20,200 hivi juu yetu na saa zao za atomu, hutoa mpigo mmoja wa umeme kwenye waya mmoja, kisha kimya mpaka sekunde inayofuata. Maandishi yanayotaja saa na tarehe hufuata baadaye, kila herufi ikichukua karibu milisekunde moja kwa mwendo wa biti 9600 kwa sekunde. Hayo hukuambia ni sekunde gani imekwisha kupita. Sekunde yenyewe ni ule ukingo wa mpigo, pale volti inapopanda, na hata kipokezi cha bei nafuu hukosea kwa makumi tu ya nanosekunde.

Basi la kuuliza ni nani atakayeupokea mpigo huo mlangoni.

Wengi huiachia programu. Mpigo unapiga hodi, chipu inaacha ilichokuwa ikifanya, inaweka vitu vyake pembeni, ndipo inakwenda kutazama saa. Ikiwa ilikuwa ikihudumia waifai, kama ESP32 ifanyavyo mara nyingi, mgeni anasubiri mikrosekunde kadhaa, na safari hii atasubiri zaidi kuliko ile iliyopita. Kuchelewa peke yake si tatizo, kwani kunapimwa na kutolewa kwenye hesabu. Kuchelewa kunakobadilikabadilika ndiko kunakoharibu kazi.

Sasa itazame ATmega328P, chipu ya biti 8 iliyomo kwenye Arduino Uno, ambayo wenye chipu za biti 32 huicheka. Nyuma ya mguu wake wa 14 kuna kihesabio cha biti 16 kinachohesabu mipigo ya osileta bila kupumzika, na kando yake rejista moja. Mpigo wa GPS ukifika kwenye mguu huo, hesabu iliyopo inanakiliwa papo hapo kwenye rejista, na programu haijaulizwa lolote. Itakuja kuisoma ikipata nafasi, hata baada ya nusu sekunde, na itaikuta namba ile ile.

Utamu uko kwenye hesabu. Iendeshe chipu hiyo kwa osileta ya megahezi 10. Kihesabio kinafika 65,535 na kuanza upya, mara 152 na ziada kwa kila sekunde. Mwenye pupa ataandika programu ya kuhesabu mizunguko yote hiyo, na siku mzunguko utakapogongana na mpigo ataletewa namba za ajabu. Fundi haihesabu kabisa. Milioni 10 ukizigawa kwa 65,536 hubaki 38,528. Chukua namba ya sasa, toa ile ya sekunde iliyopita, na hesabu yako iwe ya biti 16: ukipata 38,528, osileta iko sawa; ukipata 38,529, imetangulia kwa mpigo mmoja, yaani nanosekunde 100. Kristali nzima haiwezi kupotea kiasi cha kukosa mzunguko kamili, kwa hiyo kihesabio kidogo kinamtosha anayejua tayari anatarajia nini.

Tom Van Baak, Mmarekani aliyewapeleka watoto wake na saa tatu za cesium kwenye Mount Rainier mwaka 2005 ili kuonyesha kuwa mlimani wakati huenda upesi zaidi, alibana matumizi kuliko hapo. Kifaa chake cha picDIV ni chipu ya PIC ya miguu 8 inayopokea megahezi 10 na kutoa mpigo mmoja kwa sekunde. PIC hiyo hutumia mipigo minne kwa amri moja, hivyo sekunde ni amri milioni 2.5, nazo zimepangwa zikihesabiwa moja moja ili mzunguko usizidi wala kupungua. Hapo programu yenyewe ndiyo saa. Mimi naiona ni kazi ya mikono kabisa, sawa na kusuka.

Raspberry Pi Pico, iliyotoka mwaka 2021 kwa dola 4, sina ugomvi nayo. Ina vijimashine vidogo vya kushughulikia miguu yake bila kuusumbua ubongo mkuu. Hata ESP32 ina kinasio chake cha kunakili hesabu papo hapo, ila wachache hukitumia. STM32F103 ya megahezi 72 hupima kwa hatua za nanosekunde 14 hivi, mradi usiuziwe ya bandia, nazo zimejaa.

Pesa itakayobaki ikanunue osileta yenye kijitanuri ndani, na antena ya kuwekwa juu ya paa penye anga wazi. Nanosekunde moja ni sentimita 30 za safari ya mawimbi, na ukuta ulio mita 3 nyuma ya antena unaweza kuyachelewesha yaliyodunda kwa nanosekunde 20.