Mwenyeji, Mbilikimo na Jamhuri: Kuhusu Maneno ya Sheria ya 2022

Kifungu cha 142 cha Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 kinaiagiza serikali ieneze kila sheria kwa Kifaransa na kwa lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwa mojawapo, katika muda wa siku 60 tangu ilipotiwa saini. Agizo hilo linaihusu pia Sheria Na. 22/030 ya tarehe 15 Julai 2022, inayolinda haki za wale ambao Kifaransa huwaita Pygmées. Ugumu wa kuifasiri sheria hiyo huanza kwenye anwani yake.

Mfasiri wa Uvira ana neno tayari: mbilikimo. Asili yake, kama inavyoelezwa mara nyingi, ni kimo cha dhiraa mbili. Neno la Kifaransa nalo limetoka katika jina la kipimo cha Kigiriki, tangu kiwiko hadi vifundo vya vidole. Hivyo lugha mbili zimewapima watu hawa kwa mkono kabla ya kuwauliza jina. Wenyewe ni Watwa katika Kivu, na Wambuti katika Ituri.

Neno 'wenyeji' halifai zaidi. Mwenyeji ni mwenye mji, na neno hilo lilikomaa katika miji ya pwani kabla ya kufika ziwani pamoja na misafara ya biashara. Aliyeishi kwa kuhamahama msituni halimpokei. 'Watu wa asili' nalo lina kasoro: kwa kifungu cha 10 cha Katiba, Mkongomani wa asili ni kila mtu wa makabila ambayo watu wake na ardhi yake vilifanyiza nchi wakati wa uhuru, mwaka 1960. Watu na ardhi, basi. Katika teritwari ya Uvira, hata hivyo, sheferi ni za Wavira, Wafuliiru na Uwanda wa Ruzizi. Hakuna yenye jina la Watwa. Jamhuri iliwahesabu watu wao, ardhi ikaandikwa kwa majina ya wengine.

Sheria ya 2022 inatambua haki yao juu ya ardhi waliyoimiliki, kuikalia au kuitumia kimapokeo. Lakini inawafafanua kuwa wawindaji na waokotaji ambao kwa kawaida huishi msituni. Watwa wa Kahuzi-Biega walifukuzwa msituni baada ya hifadhi kuundwa mwaka 1970 na kupanuliwa mwaka 1975. Uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, uliotangazwa mwaka 2024, ulikiri kuwa haki zao zilivunjwa. Hivyo maneno 'kwa kawaida', ambayo mfasiri mwenye haraka angeyaacha kwa kudhani kuwa kiambishi hu- kinatosha, ndiyo yanayobeba uzito wote. Akiandika 'wanaoishi msituni', Mtwa aliyefukuziwa Kalehe anatoka nje ya sheria iliyotungwa kwa ajili yake.