Tochi Iwashwe Lini? Uchambuzi wa Kubadilisha Kompresa ya Friji ya R600a

Friji nyingi mpya za nyumbani huja na alama ya pembetatu ya njano yenye mwali wa moto, imebandikwa karibu na kompresa. Maana yake ni kwamba ndani mna R600a, yaani isobutani, gesi ya ukoo mmoja na gesi ya kupikia. Friji za aina hii zilianza kutoka kiwandani Scharfenstein, Ujerumani, mwaka 1993. Zimepata nafasi kubwa zaidi tangu mataifa yalipokubaliana mjini Kigali, Oktoba 2016, kupunguza gesi za friji kama R134a. Kilo 1 ya R134a ikivuja huipasha dunia joto sawa na kilo 1,430 za kaboni dayoksaidi katika miaka 100. Isobutani haifikishi hata kilo 5.

Kwa hiyo fundi hana budi kuijua gesi hii. Ninachosisitiza ni kwamba usalama wake umo katika mpangilio wa kazi. Tuchukue kazi ya kawaida: kompresa imeungua, inabadilishwa.

Tuanze na hesabu. Friji ndogo huwa na gramu 50 hivi. Isobutani hushika moto ikifikia asilimia 1.8 ya hewa, karibu gramu 43 kwa kila mita ya ujazo. Gramu 50 zikichanganyika vizuri na hewa ya jiko la mita za ujazo 22, haziwezi kuwaka. Lakini zikivujia ndani ya kabati la lita 200, gramu 9 tu zinatosha. Tena gesi hii ina uzito kama mara mbili ya hewa, hivyo hutuama sakafuni, pale pale fundi anapopiga magoti. Wala haitiwi harufu kama gesi ya kupikia, kwa hiyo pua haitamwonya mtu.

Ndiyo maana kazi huanza kwa kuchagua mahali: nje kivulini au penye upepo wa kutosha, mbali na mashimo na mitaro. Friji ichomolewe kwenye umeme, milango yake iachwe wazi, na mita 3 kila upande pasiwe na jiko, sigara wala swichi inayowashwa na kuzimwa. Kigunduzi cha gesi kiwekwe chini.

Kisha gesi hutolewa. Vali ya kutoboa hufungwa kwenye bomba la kujazia, na mpira hupelekwa nje, mbali na madirisha. Gesi ikiacha kuvuma, fundi asiyefunzwa hudhani imekwisha, akawasha tochi ya kuchomelea. Hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko zote, kwa sababu sehemu ya isobutani huwa imeyeyuka katika mafuta ya kompresa na huendelea kutoka taratibu. Dawa yake ni pampu ya kunyonya, ambayo tundu lake la kutolea pia limeelekezwa nje na swichi yake iko mbali. Baada ya hapo naitrojeni kavu hupitishwa kusukuma mabaki.

Hata hapo, kompresa ya zamani isitolewe kwa kuyeyusha viungo. Mabomba yakatwe kwa kikata bomba. Kuyeyusha viungo kulizoeleka enzi za R134a isiyoshika moto kirahisi; kwenye R600a ni mazoea ya kuacha.

Kompresa mpya lazima iwe ya R600a, pamoja na relei yake, na draya mpya, yaani kichungi cha unyevu, ifungwe. Vilevile R600a haifai kutiwa kwenye friji ya R134a: themostati, swichi ya taa na relei zake hazikutengenezwa kuzuia cheche kuifikia gesi. Sasa tu, kigunduzi kikiwa kimya na naitrojeni ikipita polepole ndani ya mabomba, ndipo tochi iwashwe. Mwenye viungo vya kubana hahitaji tochi kabisa.

Kupima uvujaji ni kwa naitrojeni yenye regyuleta, kamwe si oksijeni, ambayo ikikutana na mafuta hulipuka. Povu la sabuni lipakwe wakati kompresa imezimwa. Friji ya R600a inapofanya kazi, mgandamizo wa upande wa kunyonya huwa chini ya ule wa hewa ya nje. Tundu la upande huo huvuta hewa ndani, na fundi haoni kiputo hata kimoja.

Mwisho, mfumo hunyonywa tena na kujazwa kwa mizani inayosoma gramu moja moja. Kati ya gramu 50, kukosea 5 ni asilimia 10, na geji haitakueleza. Gesi ya kupikia haifai: mchanganyiko wake haujulikani na huweza kuwa na unyevu. Bomba la kujazia hubanwa kwanza, likapimwa kwa kigunduzi, ndipo lizibwe.

Wenye karakana, nunueni mtungi wa naitrojeni, mizani na kigunduzi kabla ya kupokea friji yenye alama ya mwali. Nawe mwenye friji, muulize fundi gesi ataitolea wapi. Akikosa jibu, tafuta mwingine.