Kuingia Jandoni, Kupokea Kipaimara: Sarufi ya Utamadunisho Masasi

Uhakiki mwingi wa utamadunisho wa sakramenti hutazama ngoma, mavazi na nyimbo, ukaipita lugha kana kwamba ni chombo tu cha kubebea ibada. Masasi inadai usomaji mwingine. Huko Vincent Lucas wa misheni ya UMCA, aliyekuwa askofu wa dayosisi hiyo kuanzia 1926 hadi 1944, alikubali jando lifanywe chini ya uangalizi wa Kanisa, likiwa na sala na mafundisho ya Kikristo. Terence Ranger, katika makala yake ya 1972, alilichambua suala hili kwa jicho la mwanahistoria. Uchambuzi wake ni thabiti, ila neno lenyewe haukuligusa.

Jando la Kikristo halikuwa sakramenti. Hata hivyo, aghalabu huwekwa sambamba na kipaimara kwa kuwa yote mawili humvusha kijana. Sarufi haikubali ulinganifu huo. “Kipaimara” limeundwa kama “kipazasauti”: ki-, kitenzi, kisha kijalizo chake. Ni jina la kitu kitendacho kazi, yaani kitoacho uimara (na “imara” lenyewe, tusisahau, lina asili ya Kiarabu). Mkristo hupokea kipaimara. Pana mtoaji na mpokeaji. Jando ni tendo na papo hapo ni mahali: wavulana huingia jandoni, hukaa, hutoka wakiwa rika moja. Hakuna asemaye amepokea jando.

Katika “jando la Kikristo”, basi, kivumishi kilibadilika ilhali nomino kuu ilibaki na vitenzi vyake vya mahali. Nionavyo, hapo ndipo ulipo wepesi wa jaribio la Lucas: mahali paweza kubarikiwa na kusimamiwa. Kwa wasichana mambo yalikuwa magumu zaidi, maana uzito wa unyago umo katika maneno ya kungwi, na padri mwanamume hakuwa na pa kusimama.

Wanateolojia wanaopendekeza leo kipaimara kivishwe sura ya jando hulipita swali hili haraka mno. Askofu humwekea kila kijana mikono, mmoja mmoja, kwa jina lake. Jandoni aliyefunzwa ni rika zima, na wa kulishuhudia likitoka ni wazee wa kijiji. Pendekezo lisilosema wazee hao watakaa wapi katika ibada, na watatamka nini, limeazima jina tu.