Ndege ya Kujiundia: Mruko wa Kwanza Huanzia Kwenye Mizani

Mwaka 2010 Gabriel Nderitu, mtaalamu wa kompyuta wa Nyeri, alivuma hadi ughaibuni kwa ndege aliyoiunda nyumbani kwake: injini ya Toyota, propela ya mbao, na maarifa mengi aliyoyachota mtandaoni. Miaka mitano baadaye Asmelash Zeferu wa Ethiopia akajitokeza na K-570A, ndege yenye injini ya gari la Volkswagen iliyomchukua siku 570 kuiunda. Wote wawili walistahili sifa walizomiminiwa. Hata hivyo, siku za majaribio zilipofika, ndege hizo hazikupaa kama wenyewe walivyotarajia, na ni rahisi kusema kwamba injini ilikuwa dhaifu.

Udhaifu wa injini ni sehemu tu ya jibu. Fundi anayejiundia kila kitu hujikuta, asubuhi ya mruko wa kwanza, anakabiliana na mambo matatu asiyoyajua kwa wakati mmoja: umbo ambalo halijawahi kuruka, injini ambayo haijawahi kuvuta ndege, na mara nyingi rubani ambaye hajazoea usukani. Kosa likitokea, hawezi kujua limetoka wapi kati ya hayo matatu.

Ndugu Wright wa Marekani walilielewa hilo mapema. Tunakumbuka tarehe 17 Desemba 1903, sekunde 12 na mita 36 za mruko wao wa kwanza, tukasahau kwamba mwaka 1901 walikuwa wakipima vipande vya mabawa ndani ya sanduku la upepo, na kwamba mwaka 1902 waliruka mamia ya mara kwa ndege isiyo na injini. Walipofunga injini, bawa walikuwa wanalijua na kuendesha wanakujua. Kilichobaki kigeni ni injini na propela.

Vijana wa Afrika Kusini wa mradi wa U-Dream walipita njia nyingine wakafika. Mwaka 2019 kundi la vijana 20, wakiongozwa na Megan Werner aliyekuwa na miaka 17, waliunganisha ndege aina ya Sling 4 kwa majuma matatu, kisha wakaiendesha kutoka Cape Town hadi Cairo wakipitia Tanzania na Uganda. Vipande vilitoka kiwandani, umbo lilikuwa limesharuka kwa miaka, na injini ilifungwa na wataalamu. Kuna wanaosema huko si kuunda ndege. Mimi nasema ndiko kuunda kwenye akili, kwa sababu kazi ya mikono ilibaki yao na hatari zikapunguzwa.

Sasa tuseme fundi yuko Nunguni, kaunti ya Makueni, na ndege yake imekamilika uani. Mikono mahiri Ukambani haijawahi kuadimika. Tangu Mutisya Munge wa Wamunyu aliporudi kutoka Vita Vikuu vya Kwanza na ufundi wa kuchonga, mti umewatii watu wa huko. Propela ya mbao ni kazi wanayoiweza, mradi vipande vigandishwe kwa tabaka na ncha mbili zilingane uzito. Tatizo huja kwenye mzunguko. Propela ya urefu wa mita 1.8 ikizungushwa mara 2,500 kwa dakika, ncha zake hukimbia mita 236 kwa sekunde, na hapo inavuta vizuri. Ukiifunga moja kwa moja kwenye injini ya gari na kuizungusha mara 4,000, ncha zinafika mita 377 kwa sekunde. Mwendo wa sauti ni takriban 340. Ncha ikivuka hapo, nguvu kubwa ya injini huishia kwenye kelele. Ndiyo maana Rotax 912, injini inayopendwa na waundaji wa ndege ndogo duniani, huja na giaboksi ya kupunguza mzunguko kabla haujaifikia propela.

Kisha kuna suala la mahali penyewe. Vilima vya Kilungu hufika karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Huko juu hewa ni nyepesi, na jua likishapanda ikawa nyuzi 24, ndege huiona hewa hiyo kana kwamba iko mita 2,700. Injini ya nguvu-farasi 100 isiyo na turbo hubaki na takriban 74. Bawa nalo linadai mwendo zaidi: ndege ambayo kule Mombasa ingeinuka ikikimbia kilomita 70 kwa saa, hapa inahitaji 80. Ina maana nguvu imepungua na mahitaji yameongezeka, na njia ya kurukia lazima irefuke sana. Nyeri nayo iko juu namna hiyo hiyo, jambo ambalo anayeilaumu injini ya Nderitu peke yake halitii maanani.

Na Nunguni hakuna pa kurukia. Ni matuta ya mashamba, mikaratusi, na miteremko inayoshuka kwa ghafla. Upepo ukivuka mgongo wa kilima, upande wa pili hewa huporomoka, na ndege changa yenye nguvu ya kubahatisha haina uwezo wa kushindana nayo. Injini ikizima mita 100 kutoka ardhini, rubani anatakiwa atue mbele yake alipo, wala asijaribu kugeuka kurudi alikotoka. Mbele ya Nunguni ni bonde.

Kwa hiyo mabawa yafunguliwe, ndege ipakiwe kwenye lori, iteremke hadi Salama, ishike barabara ya Mombasa, ifike Makindu. Kiwanja cha huko kiko kama mita 1,000 juu ya bahari na ardhi yake ni tambarare. Alfajiri, hali ya hewa ikiwa nyuzi 18, injini ile ile ya nguvu-farasi 100 inatoa karibu 86. Saa nane mchana, kwenye nyuzi 30, sehemu ya faida hiyo imeshapotea. Saa ya kurukia na kiwanja cha kurukia huongeza nguvu ambayo fundi angeitafuta kwa miezi kwenye karakana.

Kabla ya yote hayo, mizani. Hapa ndipo ningeomba fundi atumie muda wake mwingi. Ndege husimamishwa ikiwa sawasawa, kila gurudumu juu ya mizani yake. Tuchukue mfano: gurudumu la mbele linasoma kilo 60, na kila gurudumu la nyuma kilo 145. Jumla ni 350. Gurudumu la mbele liko nusu mita kutoka ncha ya pua, ya nyuma yako mita mbili. Zidisha kila uzito kwa umbali wake, jumlisha, unapata 610. Gawa kwa 350: kitovu cha uzito kiko mita 1.74 kutoka puani. Ikiwa bawa linaanzia mita 1.45 na upana wake ni mita 1.2, kitovu kimeangukia asilimia 24 ya upana wa bawa. Muweke rubani wa kilo 75 kwenye kiti kilicho mita 1.9, kitovu kinasogea hadi asilimia 27 hivi. Hapo panakubalika kwa ndege nyingi za kawaida. Kingefika 35 au 40, pua ingenyanyuka mara magurudumu yanapoachia, na rubani akisukuma usukani mbele mkia usingetosha kuishusha. Hesabu hii ni ya darasa la nane. Kuiruka kumeua watu waliokuwa na ndege nzuri.

Mafuta nayo yapimwe. Inua pua hadi pembe ya kupaa, chomoa mpira kwenye kabureta, uelekeze ndani ya jerikeni, ushike saa. Injini inayokunywa lita 27 kwa saa ikipaa, na inayopata petroli kwa mteremko bila pampu, inapaswa kupokea mara moja na nusu ya hizo, yaani lita 40. Ndiyo kusema lita 10 zijae ndani ya dakika 15. Zisipojaa, kuna mpira uliojikunja, chujio lililoziba au tangi lisilopumua. Uchunguzi uliotolewa Marekani mwaka 2012 ulionyesha kwamba mwaka uliotangulia ndege za kujiundia zilipata ajali 224, na 54 kati yake ziliua. Vyanzo vilivyoongoza vilikuwa injini kupoteza nguvu na rubani kushindwa kuidhibiti ndege.

Baada ya hapo ndege huendeshwa ardhini, kwanza kwa mwendo wa mtu anayetembea, kisha kwa kasi zaidi, breki na usukani zikichunguzwa kila hatua. Kukimbiza ndege hadi karibu na kuinuka ndiko hatari zaidi, kwani wengi wamejikuta hewani bila kukusudia, njia imekwisha. Ndege ikifika mwendo huo, kila kitu kiwe tayari kwa safari halisi.

Safari yenyewe ni fupi, ya mtu mmoja, juu ya kiwanja. Rubani hupanda hadi mita 1,000 hivi kutoka ardhini akizunguka mahali anapoweza kurudi bila injini. Akiwa juu hupunguza mwendo polepole hadi ahisi mabawa yanaanza kuacha kubeba, asome saa ya mwendo inaonyesha ngapi, aongeze asilimia 30. Huo ndio mwendo wa kuja kutua. Saa ya ndege mpya yaweza kudanganya, lakini ikidanganya hivyo hivyo chini na juu, rubani yuko salama.

Rubani huyo si lazima awe fundi. Mwenye kuunda akikubali mkufunzi mwenye leseni aketi mahali pake siku ya kwanza, heshima yake haipungui hata kidogo.

Kenya ina chuo cha mafunzo ya usafiri wa anga Embakasi, ina mafundi wa Uwanja wa Wilson, ina Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA, ambayo bila kibali chake hakuna ndege inayoruhusiwa kuruka. Naziomba taasisi hizi zisisubiri hadi fundi wa kijijini aburute ndege yake barabarani mbele ya kamera. Mpelekeeni mizani na mkaguzi ndege ikiwa bado karakanani. Nawe fundi, andikia KCAA kabla hujakata bati la kwanza.