Dakika Moja ya Sauti

Jumamosi alasiri, ghorofani juu ya duka la vitambaa nyuma ya Marikiti mjini Mombasa, watu saba wameinamia karatasi wakisikiliza mazungumzo yale yale kwa mara ya kumi na moja. Mazungumzo yenyewe ni ya dakika moja. Mwanamke amepiga simu kuulizia basi la kwenda mji mwingine, mwanamume anamjibu. Mwalimu wao, mama mstaafu aliyesomesha Kiingereza katika shule za sekondari mpaka akafikia umri wa kupumzika, amesimama kando ya spika ndogo, kidole kikiwa juu ya kitufe. Huko nje mikokoteni inagongana na tuktuk zinapiga honi, na dirisha liko wazi. Nilimuuliza kwa nini halifungi. "Wodi nayo haina ukimya," alinijibu. Nimekaa nyuma ya darasa lake Jumamosi nne, daftari mapajani, na isipokuwa katika zoezi moja nitakalolieleza, sijamwona akivuka dakika mbili za sauti katika saa nzima ya kazi.

Wanafunzi wake wanajiandaa kwa IELTS, mtihani wa Kiingereza ulioanza mwaka 1989 na unaoendeshwa kwa ubia wa British Council, IDP na Cambridge. Wengi wao ni wauguzi wanaotaka kufanya kazi Uingereza. Baraza la wauguzi na wakunga la Uingereza linadai alama 7 katika kusikiliza, kusoma na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika, na tangu Kenya na Uingereza zitie saini makubaliano ya wahudumu wa afya mwaka 2021, alama hizo zinatajwa hata kwenye meza za chakula. Watahiniwa wengi huogopa kuandika. Mwalimu anawahofia zaidi kwenye kusikiliza, kwa sababu ndiyo sehemu ambayo kila mtu anadhani anaiweza. "Aliyesoma Kiingereza tangu utotoni atakwambia anasikia," alisema. "Ni kweli, anasikia. Muulize amesikia nini."

Sehemu hiyo ina maswali 40 katika mafungu manne. Fungu la kwanza ni mazungumzo ya watu wawili kuhusu jambo la kila siku. La pili ni mtu mmoja akieleza, tuseme, mpangilio wa jumba la makumbusho. La tatu ni wanafunzi wakijadili kazi ya masomo. La nne ni mhadhara wa chuo kikuu, usio na mapumziko katikati. Yote hayo huchukua kama nusu saa, na kila sauti huchezwa mara moja tu. Anayetaka alama 7 inambidi apate majibu 30 hivi. Hiyo mara moja tu ndiyo inayowatia watu kiwewe, wakawa wanajiandaa kwa kuyamaliza majaribio mbiombio, leo moja, kesho jingine. Mwalimu anaipinga njia hiyo kwa nguvu zake zote. Jaribio zima litakwambia umekosa swali la saba. Mahali sikio lilipojikwaa halitakwambia.

Anachofanya yeye ni imla, ile kazi ya kizamani tuliyofanyishwa darasani huku kalamu zikitutetemeka vidoleni. Ila imla ya kawaida humtaka mwanafunzi aandike maneno kwa tahajia sahihi, na Mwalimu mwanzoni tahajia haitaki. Anataka sauti kama ilivyoingia sikioni, kwa herufi za Kiswahili, kwa kuwa kwetu kinachotamkwa ndicho kinachoandikwa. Siku hiyo mwanamume wa kwenye simu alisema safari inachukua saa moja na nusu. Mwalimu akapita akichungulia karatasi moja moja, kisha akaandika ubaoni kile walichokipata wengi:

ITEKSANAWANAHAFU

Herufi zilikuwa zimeshikana kama abiria wa matatu ya jioni. Akakirudia kipande hicho, sekunde mbili tu, akasimamisha, akakirudia tena. Akachukua chaki nyekundu. Mstari wa kwanza aliupitisha katikati ya T, kwa sababu T hiyo moja ilikuwa inatumikia maneno mawili, 'it' na 'takes'. Akacheza tena. Mstari wa pili ulikwenda baada ya N ya kwanza. N hiyo ni ya 'an', lakini ilikuwa imehama kwao ikalala kwa jirani, ndiyo maana watu wanne waliandika neno lisilokuwapo, 'nawa', mahali pa 'hour'. Mstari uliofuata uliitenga N ya pili peke yake. "Hii ni nini?" Kimya. Ilikuwa ni 'and' nzima, irabu imemezwa na D imedondoka njiani. Dakika ishirini baadaye ubao ulikuwa na maneno saba yaliyosimama mbalimbali, na kila mmoja alikuwa ameshaona ni wapi hasa sikio lake liliteleza. Ndipo akaicheza sauti kwa mwendo wake, bila kusimamisha. Muuguzi aliyekaa karibu nami alishusha pumzi. Sasa aliyasikia yote saba.

Nimefikiria sana kwa nini kazi hiyo ya polepole inazaa matunda, na nadhani jibu liko katika malezi ya masikio yetu. Kiswahili huipa kila silabi nafasi yake. Kiingereza hukanyaga neno moja kwa nguvu na kuyakimbilia matatu yanayofuata. Asiyeonyeshwa hayo matatu yalivyosagika atayatafuta maisha yake yote yakiwa mazima, kama yalivyo kitabuni, na hatayapata.

Jumamosi nyingine nusu saa ilikwenda juu ya S moja. Mwanafunzi aliandika 'ticket' pale pengo lilipotaka 'tickets', na katika mtihani huo kukosea umoja na wingi ni kukosa jibu. Mwalimu hakumlaumu. Aliandika ubaoni 'kitabu' na 'vitabu', akauliza ni wapi tunajua kuwa vitabu ni vingi. Mwanzoni, wakajibu. Akaandika 'naweza' na 'siwezi'. Mwanzoni tena. Lugha yetu hutangaza habari kubwa mlangoni mwa neno: nani, vingapi, ndiyo au sivyo. Kiingereza huiweka mkiani, tena mkia wenyewe hafifu, unaomezwa na neno linalokuja. 'Can' na 'can't' vinywani mwa Wamarekani wengi vinaweza kutengwa na T ambayo haitamkwi hadi mwisho. "Kiswahili kinakupokea barazani," akawaambia. "Kiingereza kinakungoja uani. Kaeni uani." Kuanzia hapo aliwachezea sentensi fupi fupi na kuwaruhusu kuandika herufi ya mwisho tu ya kila jina la kitu. Sijawahi kukutana na maelezo ya tofauti ya lugha hizi mbili yaliyo mafupi na yenye faida kuliko hayo.

Herufi nazo zina shida yake. Katika fungu la kwanza mara nyingi kuna jina linalotajwa herufi moja moja. Mwingereza akiitaja E husema 'ii'. I kwake ni 'ai', A ni 'ei', na R huishia kuwa 'aa' tu. Katika vinywa vya Waaustralia wengine hata hiyo 'ei' ya A huelekea kuwa 'ai', na mtihani huu una lafudhi za Uingereza, Australia, New Zealand, Marekani na Kanada. Mwalimu alitaja mji wa Derby: dii, ii, aa, bii, wai. Nikachungulia daftari la kijana aliyekuwa mbele yangu. Aliandika DIABY. Kijana huyo ana diploma ya uuguzi na husoma ripoti za wagonjwa kwa Kiingereza kila siku, lakini mkono ulikuwa umetii irabu tano alizonyonya kwa mama yake. Hapa Mwalimu haelezi kitu. Kila kipindi huanza kwa dakika tano za kutaja majina ya miji, kwa kasi, bila kurudia, wiki baada ya wiki, mpaka mkono ujibu wenyewe kabla kichwa hakijauliza.

Kwenye tarakimu alikaa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Vitabu husema 'fifteen' ina mkazo mwishoni na 'fifty' ina mkazo mwanzoni. Ni kweli zikisimama peke yake. Zikifuatwa na neno lingine, mkazo wa 'fifteen' unaweza kurudi mbele, na anayeutegemea akapotea. Kwa hiyo aliwafunza kuisubiri N ya mwisho na ule urefu unaoitangulia. Muuguzi mmoja akasema kwa sauti ya chini kwamba kati ya 15 na 50 pana mgonjwa. Hakuna aliyeongeza neno. Mwalimu akarudisha kidole kwenye kitufe, na zoezi hilo wakalifanya mara nyingine sita.

Saa ni kamba nyingine inayonasa miguu ya Waswahili. Mtu akisikia 'seven' asubuhi, kichwa hukimbilia saa moja, kisha kinarudi kutafuta 7. Ni safari ya sekunde mbili, na katika sekunde hizo jibu la pili limeshapita. Anawakataza kutafsiri: andika tarakimu iliyosemwa, iache hapo.

Kabla sauti haijaanza, watahiniwa hupewa muda mfupi wa kusoma maswali. Wengi huutumia kupitisha macho tu. Yeye huwataka waandike pembeni ya kila pengo aina ya kitu kinachotakiwa: siku, bei, jina la mahali, kitu cha wingi. Agizo la idadi ya maneno hupigiwa mstari, maana palipoagizwa maneno mawili, matatu ni kosa hata kama yote yalisemwa. Na msemaji akitaja Jumanne, penseli hungoja sentensi iishe, kwa kuwa huenda akajisahihisha akasema Jumatano. Hayo yanapatikana katika kitabu chochote cha maandalizi.

Kilichonifanya nichukue kalamu kuandika habari zake ni zoezi ambalo sijaliona kitabuni. Alicheza fungu la nne zima, mhadhara kuhusu ujenzi wa matofali ya udongo, na katikati, bila kumwonya mtu, akaizima sauti kabisa kwa sekunde kama kumi. Kisha akairudisha. Vichwa vyote saba viliinuka. Mmoja akageuka kuangalia spika. Walipomaliza, kila mmoja alikuwa amekosa jibu lililozama kwenye kile kimya, na zaidi ya hilo alikuwa amekosa mengine mawili au matatu yaliyofuata, ambayo sauti yake ilikuwa wazi kabisa. Walikuwa wamebaki nyuma wakilitafuta lililopotea. "Lile moja nimewanyang'anya mimi," Mwalimu akasema. "Haya mengine mmeyatupa wenyewe."

Akalirudia zoezi kwa mhadhara mwingine, kisha mwingine, akikata sauti mahali tofauti. Majibu katika mtihani huu hufuata mpangilio wa maswali, kwa hiyo aliyepitwa na moja anaweza kusimama kwenye linalofuata na kulisubiri neno lake. Kulielewa hilo ni kazi ya dakika moja. Kulitenda huku moyo unadunda ni kazi ya kurudiarudia. Mara ya tano sauti ilipokatika, hakuna kichwa kilichoinuka. Niliona penseli saba zikiacha pengo jeupe na kushuka mstari mmoja, karibu kwa pamoja, zikangoja. Nimewahi kutazama mafundi wa majahazi wakipiga kalafati na maseremala wakichonga milango ya njumu, na utulivu wa mikono ile saba uliniingia moyoni kwa namna ile ile.

Baada ya darasa, muuguzi mmoja alibaki kukunja karatasi zake. Wodini, alisema, daktari akitoa agizo kwa simu yeye humrudishia neno kwa neno kabla ya kuandika. Hapa hakuna wa kumrudishia. "Nikikosa, Mwalimu, naona kama nimemkosea mtu."

"Umemkosea nani, mwanangu? Acha pengo, nenda mbele. Ukimaliza, rudi ukisie. Jibu la kukisia halikatwi alama."

Ni kweli halikatwi. Palipo bado na mtihani wa karatasi, mtahiniwa hupewa dakika 10 mwishoni za kuhamisha majibu, na anayefanya kwa kompyuta hupewa dakika 2 tu za kukagua, basi pengo lijazwe mapema. Mimi naona ni mzigo mzito kumtaka mtu aliyesomea uuguzi kwa Kiingereza athibitishe tena kwamba anakijua, kwa ada kubwa na cheti kinachokubaliwa kwa miaka 2 pekee. Lakini sikio lililonolewa nyuma ya Marikiti haliishi muda wake pamoja na cheti. Litakuwa wodini usiku wa manane, simu ikilia, mtu wa lafudhi ngeni akitaja dozi mara moja tu.

Wewe unayejiandaa, vitabu vya majaribio vya Cambridge vina maandishi ya sauti zote kurasa za nyuma. Usizifungue kurasa hizo bado. Chagua dakika moja ya mazungumzo ya simu, usichague habari za redio, maana msomaji wa habari hutamka vizuri mno. Andika kila kilichoingia sikioni, kwa herufi zako za Kiswahili, hata kama ni fujo. Icheze mara kumi, icheze ya kumi na moja, kisha ndipo ufungue nyuma ulinganishe, uchore mistari yako kwa kalamu nyekundu. Kesho chukua dakika nyingine.