Faji tisa, umbo moja: tuusomeje utafiti wa Ziwa Victoria?

Mwaka 2014 jarida la Current Microbiology lilichapisha makala ya Maina na wenzake kuhusu virusi vinavyoshambulia bakteria wa kipindupindu, Vibrio cholerae, katika maji ya kanda ya Ziwa Victoria upande wa Kenya. Virusi wa bakteria tunawaita bakteriofaji, kwa kifupi faji. Hazimdhuru binadamu moja kwa moja, kazi yao ni bakteria tu. Makala hiyo ni muhimu kwetu kwa sababu ilizitafuta faji kwenye maji ambayo watu wanachota, wanafulia na kuogea. Inastahili kusomwa. Inastahili pia kubanwa kidogo, maana ni rahisi sana kuisemesha jambo ambalo haikusema.

Tuanze na walichofanya. Kenya ilikuwa imetoka kwenye mlipuko mkali: kati ya Januari 2009 na Mei 2010, makala inasema, waliripotiwa wagonjwa 11,769 na vifo 274. Watafiti wakachukua sampuli 42 za maji kutoka visima, madimbwi, maji taka, mito na ziwani. Kila sampuli ikawekwa kwenye mchuzi wa maabara wenye Vibrio cholerae wa aina moja aliyetoka kwenye mazingira, ikaachwa saa 48 kwenye nyuzi 37. Wazo ni rahisi: kama ndani ya maji kuna faji inayomuweza bakteria yule, itazaliana mpaka ionekane. Sampuli 5 kati ya 42 zilitoa faji. Zikapatikana faji 9. Kwenye hadubini ya elektroni zote 9 zilikuwa na umbo la aina moja: kichwa chenye pembe na mkia mrefu unaojikunyata, umbo la kundi lililoitwa Myoviridae.

Kama kazi ya uwindaji, hii ni kazi safi. Walitaka faji zinazoua kipindupindu, wakazipata. Tatizo linaanza pale msomaji anapoondoka na picha ya pili, kwamba maji ya kanda ile yana faji chache, na kwamba zilizopo zinafanana.

Hebu tuangalie zile sampuli 37 zilizotoka mikono mitupu. Je, hazikuwa na faji? Mwaka 1989 Øivind Bergh na wenzake wa Norway walichapisha kwenye jarida la Nature hesabu iliyowashangaza wengi. Badala ya kusubiri virusi wazaliane, waliwahesabu moja kwa moja kwa hadubini ya elektroni. Katika maji asilia walikuta hadi chembe milioni 250 za virusi kwa mililita moja. Hiyo ilikuwa mara elfu moja hadi milioni kumi zaidi ya taarifa za faji zilizotangulia. Maji hayakuwa yamebadilika. Kilichobadilika ni namna ya kuangalia. Ukimtumia bakteria mmoja kama chambo, unapata faji za bakteria huyo tu, tena zile zinazokubali mazingira ya chupa yako. Anayetupa ndoano ziwani na kurudi na sangara tisa hawezi kutangaza kwamba dagaa hawapo.

Kwa hiyo namba 5 kati ya 42 haitupi idadi ya maji yenye faji. Inatuambia ni sampuli ngapi zilikuwa na faji inayommudu bakteria yule mmoja, kwenye nyuzi 37, joto la mwili wa binadamu ambalo maji ya ziwa kwa kawaida hayafiki. Faji iliyozoea maji ya nyuzi 25 huenda ilikuwemo na ikashindwa mbio.

Hoja ya pili ni lile umbo moja. Kwa miongo mingi faji zenye mikia ziligawanywa kwa kuangalia mkia: unaojikunyata, mrefu usiojikunyata, au mfupi. Mwaka 2022 kamati ya kimataifa inayosimamia majina ya virusi, ICTV, ilizifuta familia hizo tatu, Myoviridae ikiwemo. Kisa? Jenomu zilipoanza kusomwa kwa wingi, kumbe faji zenye mikia inayofanana zinaweza kuwa mbali sana kiukoo. Maina na wenzake hawana kosa hapo, walitumia utaratibu wa wakati wao. Lakini sisi tunaowasoma leo hatuna ruhusa ya kuandika kwamba faji zile 9 ni ndugu wa familia moja. Tunachojua kwa uhakika ni kwamba mikia yao inafanana.

Hoja ya tatu ndiyo nzito zaidi, kwa sababu inagusa maisha ya watu. Makala inamalizia kwa kusema faji hizi zinaweza kuwa na uwezo wa kutumika kudhibiti kipindupindu kwenye vyanzo vya maji. Ushahidi wake ni kwamba zilitoa madoa madogo, ya mviringo na angavu kwenye sahani ya bakteria, dalili kwamba zinapasua na kuua. Sawa. Ila tukumbuke jambo lililoonyeshwa na Waldor na Mekalanos mwaka 1996: sumu yenyewe ya kipindupindu inabebwa kwenye jeni za faji, iitwayo CTX. Faji hiyo haimpasui mwenyeji wake. Inaingia, inajipachika kwenye jenomu yake, na inamkabidhi uwezo wa kutengeneza sumu. Mtego wa madoa angavu umetengenezwa kuwakamata wauaji, na faji ya namna ya CTX ingeupita bila kuacha alama.

Yaani kwenye maji hayohayo kunaweza kuwa na faji inayomuua bakteria na nyingine inayomfanya awe hatari. Kabla hatujasema "tumwage faji kwenye kisima", tunahitaji kujua wote waliomo. Anuwai ya faji hapa siyo pambo la mtaalamu wa majina, ni suala la usalama.

Je, suluhisho ni kuachana na sahani na kusoma DNA yote iliyomo kwenye maji? Hapana, na hapa nawatetea Wakenya. Mwaka 2016 Paez-Espino na wenzake walipekua data za DNA kutoka sampuli zaidi ya 3,000 duniani, wakapata vipande vya jenomu za virusi zaidi ya 125,000. Ni hazina kubwa. Lakini ni chini ya kimoja kati ya kumi walichoweza kukihusisha na bakteria anayeshambuliwa. Unabaki na orodha ndefu ya majina bila anuani. Maina na wenzake walikuwa na faji 9 tu, ila walizishika mkononi na walimjua mwenyeji wa kila moja. Njia moja inatoa upana, nyingine inatoa uhakika.

Sasa fikiria huku kwetu Chimala. Mto Chimala unashuka kutoka milimani ukiwa wa baridi, unaingia uwanda wa Usangu, maji yanagawanywa kwenye mifereji, yanatuama kwenye majaruba ya mpunga juani, yanachanganyika na mbolea na maji ya vijijini, kisha yanayobaki yanaelekea Ruaha Mkuu. Kiangazi kikikaza, sehemu za Ruaha zinabaki vidimbwi, na tangu 1993 mto huo umekuwa ukikauka kabisa ndani ya hifadhi. Ndani ya safari fupi una maji ya aina nne au tano. Tukija hapa na bakteria mmoja, nyuzi 37 na msimu mmoja, tutaandika makala safi yenye faji chache zinazofanana, na msomaji atadhani Usangu ni maskini.

Na swali hili halitasubiri. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ulisambaa mikoa mingi ya Bara na kugusa watu zaidi ya 20,000.

Anayetaka kuirudia kazi ya Maina huku Nyanda za Juu Kusini aibebe kwa heshima na aiongezee mambo manne: bakteria wenyeji kadhaa badala ya mmoja, chupa moja kwenye nyuzi 37 na nyingine kwenye joto la maji yenyewe, masika na kiangazi, na lita moja ya kila sehemu ichujwe na kugandishwa kwa ajili ya kusoma DNA, hata kama fedha ya kuisoma itapatikana mwakani. Matatu ya kwanza yanahitaji sahani za agari na uvumilivu tu.